Mikopo ya asilimia 10: kikundi kwanza, hela baadae

Ndugu zangu, tangu dirisha la maombi ya mikopo hii ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu lifunguliwe, ofisi yetu ya maendeleo ya jamii haipumziki, watu wanapiga simu mpaka saa nne usiku, wengine wanakuja na makaratasi yameshajazwa na mtu wa stesheneri, na sasa hivi malalamiko yamekuwa mengi kuliko maombi yenyewe. Nimeona nikae chini niandike kwa pamoja maana maswali ni yale yale na majibu ya kwenye simu hayafiki, namjibu mtu leo, kesho nasikia mtaani kwamba afisa kasema hela zimeisha. Sijasema hivyo. Naandika kama mtu wa halmashauri ninayeshika haya mafaili kila siku, ila suala la mkataba wa kikundi chako njoo ofisini, faili la mtu haliongelewi hadharani.

Upotoshaji unaanzia kwenye chanzo cha hela. Hii siyo hela ya mbunge, siyo ya diwani, na siyo zawadi ya uchaguzi. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri yenyewe, yani ushuru wa soko, leseni za biashara, ada za stendi na vinginevyo, baada ya kutoa mapato lindwa, yale ambayo yameshapangiwa kazi yake maalum. Zamani yalikuwa ni maelekezo tu, halmashauri nyingine inatenga nyingine haitengi, mpaka 2018 ilipoingizwa kifungu cha 37A kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, ndo ikawa lazima kisheria na mikopo ikawa haina riba. Mgawanyo ni wanawake asilimia 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Sasa tufanye hesabu kwa mfano, halmashauri ikipata bilioni 2 za kugawia, asilimia 10 ni milioni 200, wanawake milioni 80, vijana milioni 80, wenye ulemavu milioni 40, kwa kata zote. Kikundi kimoja kikiandika ombi la milioni 50 ujue kimeomba zaidi ya nusu ya fungu la wanawake wa halmashauri nzima, halafu kikipunguziwa kinasema kimeonewa. Hapana jamani, hakijaonewa. Yule mama anayelipa ushuru wa genge lake kila siku ndo mwenye hela hii, na jirani yake anasubiri kikundi cha kwanza kirudishe ili na yeye apate.

Wengi mnakumbuka Aprili 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kwamba mikopo inasimama, baada ya taarifa za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha vikundi hewa na mabilioni ya shilingi ambayo hayajarejeshwa. Ilirudi 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 za majaribio zinapitishia benki, mfano majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, Kigoma Ujiji na Songea, na halmashauri nyingine zilizobaki tunatoa wenyewe kwa mfumo ulioboreshwa. Sisi tuko kwenye hizo zilizobaki, kwa hiyo ukisikia ndugu yako wa Dodoma anaongelea benki, utaratibu wake siyo wako, usije kugombana na dada wa mapokezi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Maombi mengi yanayokwama kwangu hayakwami kwa sababu ya karatasi, yanakwama kwa sababu hakuna kikundi. Kuna majina matano. Kanuni inataka wanawake au vijana wasiopungua watano, na kwa watu wenye ulemavu wawili wanatosha na hata mtu mmoja anaweza kuomba, watu wakasikia hiyo tano wakadhani ni idadi ya sahihi zinazotakiwa kwenye fomu. Tulienda kuwatembelea kina mama fulani, andiko lao zuri kabisa la kufuga kuku wa mayai, tukauliza banda liko wapi, mmoja akaonyesha kwake, mwingine akasema kwake yeye anauza vitenge, wa tatu hakuwa anajua jina la katibu wao. Hawa siyo wezi. Nimekaa nao, nimeongea nao, kila mmoja alikuwa anahitaji laki nane au milioni ya biashara yake na akaambiwa bila kikundi hupati, wakaungana siku hiyo hiyo. Lakini siku hela ikiingia watagawana, na wakishagawana hakuna kikundi tena, kuna watu watano wenye deni moja ambao hawaonani.

Na hapo ndo linakuja neno ambalo nimelisikia mpaka nimechoka, "mimi sehemu yangu nimeshamaliza." Hakuna sehemu yako. Mkataba umesainiwa na kikundi, anayedaiwa ni kikundi. Mkikopeshwa milioni 10 kwa miezi 24 rejesho ni kama 416,700 kwa mwezi, ukiligawa kwa watano ni kama 83,340 kila mmoja, mwenzenu mmoja akihamia Kahama bila kuaga hiyo 83,340 yake haiondoki, nyie wanne mnaibeba. Tunalisema kwenye mafunzo kabla ya kusaini, tunalisoma kwa sauti, watu wanaitikia ndio ndio huku wanaangalia saa. Naomba mlisikie hapa.

Nitawapa mfano wa upande wa pili. Kuna vijana wa kuchomelea mageti, walikuwa wanachanga elfu mbili mbili kila Jumamosi kwa mwaka mzima kabla hawajaja kwetu, daftari lao chafu lina mafuta ya mashine ila kila jina lipo na kila asiyechanga kaandikwa. Hawakuwa na andiko la maana, tuliwasaidia sisi kuliandika upya. Wakapitishwa. Daftari lile liliniambia kitu ambacho andiko la kulipia elfu thelathini stesheneri haliwezi kuniambia.

Utaratibu ni huu na naomba msome taratibu. Mnakaa kikao, mnachagua mwenyekiti, katibu na mtunza hazina, mnaandika muhtasari na wote mnasaini. Mnatengeneza katiba. Mnaenda na muhtasari na katiba kwa mtendaji wa mtaa au kijiji anawapa barua ya utambulisho, kisha afisa maendeleo ya jamii wa kata anawapokea na kuhakiki namba ya NIDA, yani ya kitambulisho cha taifa, ya kila mmoja, mwenye jina tofauti kwenye NIDA na kwenye katiba anarudishwa, kwa hiyo Mwajuma kwenye kitambulisho asije kuandikwa Mama Shabani kwenye katiba. Kikundi kinasajiliwa kwenye mfumo wa Wezesha, mnapata cheti, mnafungua akaunti benki kwa jina la kikundi, jina hilo hilo lililo kwenye cheti herufi kwa herufi, hela haiingii akaunti ya mwenyekiti wala kwenye simu ya mtu. Baada ya hapo ndo andiko la mradi na maombi. Kamati ya kata inakuja kuona mradi kwa macho, ikipitisha inapanda kamati ya halmashauri, kisha kuna uhakiki wa ngazi ya wilaya, mkivuka mnaitwa mafunzo, mnasaini mkataba, ndo hela inaingia. Ngazi moja ikikuta tatizo faili linarudi chini na kuanza tena, ndo maana wengine mnasema "mbona tumeomba siku nyingi," mara nyingi lilirudi na ujumbe ulitumwa kwa namba ya katibu ambaye kabadilisha laini. Na mwenye ajira rasmi asiwemo, wala asijifiche nyuma ya jina la mke wake, wala mtu mmoja asiwe kwenye vikundi viwili, mfumo unamuona kwa NIDA.

Hayo yote hayalipiwi ofisini kwetu. Anayewaambia "toa laki mbili nilisukume faili" ni kishoka, na kama ni mtumishi basi ni mla rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 15, inasema faini isiyopungua laki tano na isiyozidi milioni moja au kifungo cha miaka mitatu hadi mitano au vyote viwili, na inamhusu anayetoa na anayepokea, narudia, anayetoa pia. Pigeni 113 TAKUKURU, simu ni ya bure. Halafu kughushi, yani kumsainia mwenzako ambaye hajui, kuweka NIDA ya mtu bila ridhaa, kutengeneza muhuri wa mtendaji, hiyo ipo kwenye Kanuni ya Adhabu Sura ya 16 na kifungo chake kinaweza kufika miaka saba. Watu wanafanya kirahisi sana hili la kumsainia mwenzao, wanasema "ni shoga yangu hana shida." Siku deni likienda mahakamani huyo shoga atasema sahihi siyo yake na atakuwa anasema kweli.

Kuna kina mama wanaoniambia ukweli pembeni, kwamba wanataka mkopo huu wakalipe kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Hawa wananiumiza. Mtu kachukua laki moja anarudisha laki na thelathini ndani ya mwezi, akishindwa wanambebea godoro mbele ya watoto. Natamani kusema ndio, ila siwezi kupitisha, mkopo wa kikundi ni wa mradi na ukiulipia deni lingine mradi unakuwa haupo na rejesho litakosekana mwezi wa kwanza tu, utakuwa na madeni mawili. Ninachoshauri, njoo mapema kabla ya kwenda huko, na kama umeshaenda njoo na mkataba wao tuusome pamoja, na tuulize kama huyo mkopeshaji ana leseni, maana kukopesha watu kwa biashara kunataka leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018.

Jambo ambalo karibu hakuna anayeniuliza ni zabuni. Taasisi za serikali zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao kwa ajili ya makundi maalum, wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na maombi yanapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni. Usafi, kushona sare, chakula cha semina, ukarabati mdogo. Wale vijana wa mageti niliwasukuma huko. Ukishakuwa na kikundi kilichosajiliwa umeshatembea sehemu kubwa ya njia, na ofisi yetu inawasaidia kujisajili, lakini siku nzima mtu anakaa kwenye benchi langu akisubiri mkopo na hajui kwamba shule iliyo jirani na kwake inatafuta mtu wa kutengeneza madawati. Na mnaosindika vitu, unga wa lishe, viungo, sabuni, msianze kwenye mkopo, anzeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, mpate ujuzi na barua ya kuwapeleka TBS, shirika la viwango, maana bidhaa bila alama ya ubora duka kubwa halipokei hata ukiwa na mtaji.

La mwisho ni madeni ya kabla ya 2023. Imeenea kwamba kwa kuwa mikopo ilisimamishwa basi na madeni yalifutwa. Hayakufutwa. Kilichosimama ni kutoa, kukusanya kuliendelea, na kikundi chenye deni la zamani hakipati mkopo mpya hata kikibadilisha jina, tunalinganisha NIDA za wanachama. Tukishindwana kwa barua na vikao linaenda kwa mwanasheria wa halmashauri kisha mahakamani, na mimi sipendi kufika huko, nimewahi kukaa kwenye benchi la mahakama na mama niliyemfundisha mwenyewe kutunza vitabu. Kama mradi ulikufa kweli, kuku walikufa na mdondo, mashine iliibwa, njooni wote waliobaki, mje na risiti mlizonazo na taarifa ya polisi kama ipo, tuandike ratiba mpya ya marejesho mnayoiweza. Malipo ni kwa kontroo namba peke yake, ile namba ya malipo ya serikali, usimpe afisa hela mkononi hata kama ni mimi. Aliyewahi kulipa mkononi miaka ile na alipewa karatasi, aje nayo hata kama imechanika, nitaipokea.