“Mwalimu, mbona leo wamecheza tu?”

Swali hilo niliulizwa Jumamosi na baba mmoja aliyekuwa amekaa juu ya tofali, pembeni mwa uwanja wetu wa vumbi huku Mbagala, Dar es Salaam. Alimleta mwanawe wa miaka 10 tangu saa 1 asubuhi, akatulia kutazama. Alitegemea kuona koni, foleni, filimbi, na watoto wakizunguka uwanja mara tano kwanza. Alichokiona ni watoto 32 waliogawanywa wanne kwa wanne, mipira minne inatembea kwa wakati mmoja, magoli ya mawe na ndala, vumbi, kelele, na mimi napita katikati yao nikisema maneno machache. Tulipomaliza akanifuata. “Mwalimu, samahani. Mbona leo wamecheza tu? Mazoezi ni lini?”

Hakuuliza kwa ubaya. Ametoa nauli, ameacha shughuli zake, ana haki ya kujua mwanawe anafundishwa nini. Nilimjibu kwa kifupi pale pale, lakini jibu lenyewe ni refu, na najua wazazi wengi wana swali hilo hilo moyoni ila wanaona haya kuuliza.

Mimi nilianza kazi hii nikifundisha vile vile alivyotegemea kuona. Watoto 20, mpira mmoja au miwili, koni, foleni. Mtoto anapokea pasi, anairudisha, anakimbilia mwisho wa mstari. Ukitazama kwa mbali mambo yamepangika, na mwalimu anaonekana kazi anaiweza. Siku moja mguu uliniuma, nikakaa chini, nikaamua kumfuatilia mtoto mmoja tu, mdogo wa umbo, mwenye jezi namba 7. Nilijaza punje za mahindi mfuko wa kulia. Kila akigusa mpira, nahamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Saa nzima ilipoisha nikahesabu: punje 41. Kati ya hizo, 19 zilikuwa za kuukimbilia mpira uliotoka na kuurudisha uwanjani. Mtoto ametoka jasho, amechoka, akiulizwa nyumbani atasema nimetoka mazoezini, na kumbe mpira wa kujifunzia ameupata mara 22. Hata mara moja hakuwapo mtu wa kumnyang’anya.

Tangu siku ile, kabla sijapanga zoezi lolote, najiuliza: namba 7 ataugusa mara ngapi, na atakapougusa nani atakuwa mbele yake?

Chukua mechi ya 11 kwa 11. Mpira mmoja, watoto 22. Hata usitoke nje kwa saa nzima, ukiugawa sawasawa kila mtoto anapata chini ya dakika 3. Na haugawanyiki sawasawa. Wawili watatu wenye miguvu wanaula wote, na yule wa pembeni anabaki kuchora mchangani kwa kidole cha mguu. Weka wanne kwa wanne kwa saa ile ile, fungu la kila mmoja linafika dakika 7 na nusu. Tena kila anapoupata, beki yuko mbele yake, mwenzake yuko kushoto, goli liko karibu, na lazima aamue. Ufundi ninaoutafuta mimi ni huo wa mguu na uamuzi kukua pamoja. Ukivitenganisha unapata mtoto wa danadana 200 ambaye akiwekewa mtu mmoja mgongoni, mpira umepotea.

Wenzetu Wabelgiji walilijua hili kwa maumivu. Mwaka 2000 waliandaa Kombe la Mataifa ya Ulaya pamoja na Uholanzi, wakatolewa hatua ya makundi mbele ya watu wao. Kazi ya kuandika upya namna ya kufundisha watoto ikaongozwa na Michel Sablon, mkurugenzi wao wa ufundi. Walirekodi mechi za watoto na kuzihesabu, wakakuta wadogo kabisa wanaugusa mpira mara chache mno. Wakapunguza watu: wawili kwa wawili, kisha watano kwa watano, kisha wanane kwa wanane, ndipo 11. Msimamo wa ligi kwa wale wadogo kabisa wakaufuta, ili kocha asiwe na sababu ya kumkalisha benchi mtoto mfupi. Mwaka 2015 Ubelgiji ilishika namba 1 kwenye orodha ya FIFA, na 2018 ikawa ya 3 Kombe la Dunia. Sisi wa Mbagala habari za huko zinatuhusu, maana Mbwana Samatta, kijana wa huku huku, alikwenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016 akitokea TP Mazembe ya Kongo, na Genk ndiyo klabu waliyopitia nyota wa Ubelgiji Kevin De Bruyne na Thibaut Courtois wakiwa vijana.

Waingereza nao walibadilisha mwaka 2012: watoto wa chini ya miaka 8 wakawa wanacheza watano kwa watano, na 11 kwa 11 ikasubiri hadi kundi la chini ya miaka 13. Wajerumani kuanzia msimu wa 2024/25 wameamuru wadogo kabisa wacheze wawili au watatu kila upande kwenye magoli manne madogo, mchezo uitwao Funino, uliobuniwa na Horst Wein, mtu aliyetokea kwenye mpira wa magongo.

Sasa nikisoma hayo yote, najiuliza: si hii ni chandimu? Watoto wachache, uwanja mdogo, magoli ya mawe, hakuna refa, hakuna kocha anayefoka, na timu moja ikizidiwa mnabadilishana watu ili mchezo unoge. Tulikuwa nayo mlangoni. Halafu mtoto akija “mazoezini” tunamvua chandimu yake na kumpanga foleni.

Chandimu ina siri nyingine, nayo ni mpira wenyewe. Mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba haudundi sana, kwa hiyo unakaa chini, miguuni, mahali pa chenga. Futsali, iliyoanzia Montevideo nchini Uruguay mwaka 1930 mikononi mwa Juan Carlos Ceriani, nayo inachezwa kwa mpira mdogo uliopunguzwa mdundo. (Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, watoto wa mtaani kwetu wanashindilia matambara na vipande vya godoro ndani ya soksi. Unakuwa laini mno mvua ikinyesha, ila siku za jua ni mpira mzuri.) Timu ikinunua mipira, tafadhali nunueni ya ukubwa namba 4 kwa watoto wa chini ya miaka 12. Mpira namba 5, ule wa watu wazima, una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na gramu 410 hadi 450. Mtoto wa miaka 9 akiupiga hutumia mwili mzima kuusukuma, na hapo anajifunza mkao mbaya utakaotuchukua miaka kuuondoa.

Lakini sitaki mtu aelewe kwamba nawaachia wacheze mimi nikaenda kunywa chai. Kuna mambo chandimu haiyafundishi, na mengine inayaharibu.

La kwanza ni unyayo. Uwanja wetu una mabonde, mpira ukija unarukaruka, kwa hiyo watoto wote wamezoea kuukanyaga ili usimame. Kwenye kichochoro inafaa sana. Kwenye uwanja mkubwa, ukiukanyaga mpira umesimama, na wewe umesimama, na beki kafika. Kwa hiyo katika mchezo wa wanne kwa wanne naweka sheria moja: mpira ukipokewa lazima utembee. Kisha nafundisha mguu wa mbali. Pasi ikitoka kushoto kwako, usiipokee kwa mguu wa kushoto ulio karibu nayo. Iache ipite mbele ya mwili wako, ifike mguu wa kulia. Kifundo kimekaza, kidole gumba kimeinuka kidogo, upande wa ndani wa mguu unaulaki mpira kisha unarudi nyuma nao kiasi cha upana wa kiganja. Ukifanya hivyo, nyonga tayari zimefunguka na macho yako yanaliona goli la wapinzani. Ukitumia mguu wa karibu, unabaki umelitazama goli lako mwenyewe. Ni tofauti ya hatua moja, na kwenye mpira hatua moja ndiyo beki anayoitafuta.

La pili ni kichwa. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, amewarekodi wachezaji wa kiungo wa Ligi Kuu ya Uingereza na kuhesabu mara ngapi wanageuza kichwa kuangalia nyuma kabla mpira haujawafikia. Wanaoangalia zaidi hufikisha pasi zaidi. Mtoto wa chandimu haangalii kwa sababu uwanja ni mdogo na anawajua wote walipo kwa sauti zao. Mimi nasimama nyuma ya mtoto na kuinua vidole. Kabla hajapokea pasi anageuka na kutaja idadi. Siku za kwanza mpira unawapita wote. Baada ya wiki kadhaa wanageuka bila vidole vyangu.

Kuhusu kurudiarudia, maana wazazi wengi hunikumbusha kwamba mazoea ndiyo hujenga: kweli kabisa, ila kuna namna ya kurudia. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan waliwafundisha watu mizunguko mitatu ya haraka ya mkono. Kundi moja lilimaliza wa kwanza wote, kisha wa pili, kisha wa tatu. Kundi lingine lilichanganyiwa. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilionekana hodari. Walipopimwa baadaye, wengine baada ya dakika 10 na wengine baada ya siku 10, waliochanganyiwa ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Hii inaeleza vumbi na fujo ya Jumamosi. Pasi 50 mfululizo kwa mguu ule ule kutoka umbali ule ule zinapendeza macho ya mzazi na zinafutika kabla ya Jumanne. Pasi inayokuja mara juu, mara chini, mara na beki, mara bila, inaonekana ovyo, lakini inakaa.

Sasa niseme lililo moyoni kuhusu kuchagua wachezaji. Kuna timu moja ilikuja kuangalia watoto wangu, wakamchukua wa miaka 12 kwa sababu alikuwa mrefu, wakamweka beki wa kati na kumwambia kazi yake ni kuupiga mpira mbele. Alikuwa na mguu wa kushoto mtamu kuliko wote niliowahi kufundisha. Baada ya miaka miwili wenzake walimfikia kwa urefu, timu ikamwacha, na mguu ule ulikuwa umelala. Watafiti wa nchi nyingi wamekuta kwamba timu za vijana hujaa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa usajili, kwa sababu mtoto wa Januari ana karibu mwaka mzima wa mifupa mbele ya mwenzake wa Desemba. Tunadhani tunachagua kipaji, kumbe tunachagua mwezi wa kuzaliwa. Ninachofanya ni kuwapanga baadhi ya siku kwa kimo badala ya miaka, ili mfupi apate kushinda na mrefu alazimike kutumia akili. Na mtoto wa miaka 12 au 13 akianza kujikwaa na mpira aliokuwa akiuweza, msimgombeze. Miguu imerefuka haraka kuliko anavyoweza kuizoea. Akilalamika maumivu kwenye kale kanundu kaliko chini ya goti, apumzike na aonwe na daktari. Asipakwe dawa ya kuchua na kurudishwa uwanjani.

Nyumbani mnaweza kusaidia kwa kitu kimoja: ukuta. Ukuta hauchoki, na ukipiga vibaya unakurudishia vibaya. Dakika 15 kwa siku, mguu dhaifu kwanza kabla hajachoka, hatua nne kutoka ukutani, kisha nane. Danadana sizikatazi, zinazoesha mguu na mpira, ila zisiwe ndiyo kipimo cha kujivunia. Ombeni ruhusa ya jirani kwanza.

Yule baba alirudi Jumamosi iliyofuata. Nilimwomba asiutazame mpira, amtazame mwanawe kichwa tu. Dakika za mwanzo hakukuwa na kitu. Kisha pasi ikaja kutoka kwa kipa, na mtoto akageuza shingo haraka upande wa kulia, akafungua nyonga, akaupokea kwa mguu wa mbali. Beki alikuwa amekuja kwa upande wa kushoto, akamnyang’anya, likawa goli. Nikapiga makofi. “Lakini mwalimu, si kapoteza?” baba akaniuliza. Nikamwambia kapoteza, ndiyo, ila ameangalia upande mmoja, na wiki iliyopita alikuwa haangalii hata huo mmoja. Hakunijibu. Mpira ulipoanza tena kwa kipa, nilimwona ameinuka kwenye tofali lake, anahesabu kwa vidole.