Percy yupi? Jina la ukoo na cheo kwa makabaila wa Uingereza

Mashabiki wa Tottenham Hotspur huiita timu yao Spurs, na jina hilo lina mwenyewe. Hotspur ilikuwa lakabu ya Sir Henry Percy, kabaila wa kaskazini mwa Uingereza aliyeuawa vitani karibu na mji wa Shrewsbury tarehe 21 Julai 1403. Spurs ni vile vyuma anavyovaa mpanda farasi kisiginoni ili kumhimiza mnyama wake. Vya Percy huyu vilisemwa kuwa vya moto, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kuvamia. Vijana wa shule walioanzisha klabu hiyo mwaka 1882 waliichukua lakabu yake kwa sababu ukoo wa Percy uliwahi kumiliki ardhi huko Tottenham.

Sasa fungua kitabu cha historia umtafute huyo Henry Percy. Baba yake anaitwa Henry Percy. Mwanawe, Henry Percy. Mjukuu, Henry Percy. Kitukuu naye vilevile. Watano hao wote walishika silaha, wanne wakafia vitani na wa tano akauawa na wananchi waliokasirishwa na kodi. Msomaji asiyejua namna Waingereza wanavyopanga majina yao atadhani ni mtu mmoja aliyekufa mara tano.

Watu wa pwani yetu wangesema hao ni masomo, kila mmoja ni somo wa mwenzake. Lakini kwetu Ali bin Juma hachanganywi na Ali bin Salim, maana jina la baba linafuata nyuma na kumtambulisha. Kabaila wa Kiingereza habebi jina la baba kwa namna hiyo. Ana jina alilopewa, ana jina la ukoo, kisha anaweza kuwa na cheo, na cheo hicho mara nyingi kina jina la mahali lisilofanana kabisa na jina la ukoo. Hapo ndipo wengi hupotea.

Mfano ulio karibu nasi ni Lord Delamere, yule mlowezi mkubwa wa Kenya ambaye barabara inayoitwa leo Kenyatta Avenue, Nairobi, ilikuwa na jina lake. Delamere si jina la ukoo wake. Ukoo wake ni Cholmondeley, na yeye aliitwa Hugh Cholmondeley. Delamere ni cheo, na yeye alikuwa wa tatu kukishika. Kadhalika Wellington aliyemshinda Napoleon pale Waterloo, jina lake ni Arthur Wellesley. Cheo humfunika mtu hadi jina lake lenyewe lisahaulike.

Kwa akina Percy cheo kikubwa kilikuwa Earl wa Northumberland, jimbo linalopakana na Scotland. Baba yake Hotspur alikipata mwaka 1377, Mfalme Richard II alipotawazwa. Tangu hapo wenye cheo huhesabiwa: wa 1, wa 2, wa 3, na kuendelea. Namba hiyo ni muhimu kuliko jina lenyewe. Lakini angalia jambo moja ambalo huwakosesha hata wasomaji makini: Hotspur hana namba. Alikufa mwaka 1403, baba yake akauawa mwaka 1408, hivyo mtoto alitangulia kabla urithi haujamfikia. Earl wa 2 ni mwana wa Hotspur, aliyerudishiwa cheo na Mfalme Henry V baada ya uasi wa babu yake. Ukihesabu vizazi badala ya wenye cheo, utakosea kuanzia hapo na kuendelea.

Kwa nini wote walikuwa askari? Kwa sababu ardhi yao ilitoka kwa mfalme na deni lake lilikuwa vita. William de Percy aliingia Uingereza kutoka Normandy mwaka 1067, mwaka mmoja baada ya ushindi wa William Mshindi, akapewa ardhi Yorkshire na Lincolnshire. Jina Percy ni la kijiji huko Normandy. Mwaka 1309 mzawa wao mwingine, naye Henry, alinunua Alnwick kutoka kwa askofu wa Durham, na ngome ya Alnwick ikawa makao yao. Kutoka hapo mpaka wa Scotland hauko mbali, na wafalme wa London waliwategemea kuulinda. Mtu anayeweza kukusanya jeshi lake mwenyewe kwa ajili ya mfalme anaweza pia kulikusanya dhidi ya mfalme. Akina Percy walifanya yote mawili. Walimsaidia Henry IV kumpindua Richard II mwaka 1399, na miaka minne baadaye wakamwasi huyohuyo waliyemweka.

Baada ya Hotspur na baba yake, Earl wa 2 aliuawa St Albans mwaka 1455, katika pambano la kwanza la Vita vya Mawaridi, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kugombea kiti cha ufalme. Wa 3 aliuawa Towton mwaka 1461. Wa 4 ndiye aliyeuawa na wananchi Yorkshire mwaka 1489, alipokuwa akitekeleza kodi ya mfalme.

Akina Henry ni wengi, lakini nadhani akina Thomas ndio wanaoonyesha vizuri zaidi ugumu wa jambo hili. Thomas Percy wa kwanza, Earl wa Worcester, mdogo wake Earl wa 1, alikatwa kichwa siku mbili baada ya Shrewsbury. Wa pili, Sir Thomas, alinyongwa mwaka 1537 kwa kushiriki uasi wa kaskazini dhidi ya Henry VIII. Wa tatu ni mtoto wa huyo, Earl wa 7, aliyekatwa kichwa York mwaka 1572 kwa kumwasi Elizabeth I. Wa nne hakuwa Earl, bali jamaa wa ukoo aliyekodi chumba chini ya Bunge ambamo baruti zilifichwa mwaka 1605 ili kumlipua Mfalme James. Alipigwa risasi na kufa siku chache baada ya njama kugunduliwa. Kwa sababu tu ya huyo, Earl wa 9, Henry mwingine, alifungwa katika Mnara wa London hadi mwaka 1621. Jina la ukoo lilitosha kumtia mashakani.

Kuna upande wa pili: cheo bila jina. Ukisoma kwamba Northumberland alikatwa kichwa mwaka 1553, usimtafute miongoni mwa akina Percy. Huyo ni John Dudley, aliyepewa cheo cha Duke wa Northumberland, kilicho juu ya Earl, wakati akina Percy wamenyang'anywa cheo chao cha Earl. Kabla yake, kati ya mwaka 1464 na 1470, Earl wa Northumberland alikuwa John Neville, wa ukoo hasimu. Cheo ni mali ya mfalme, humpa amtakaye na kumnyang'anya amtakaye.

Na jina je, ni damu? Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Katika karne ya 12 wanaume wa ukoo waliisha, akabaki binti, Agnes de Percy, aliyeolewa na Joscelin wa Louvain. Watoto wao wakachukua jina la mama, kwa sababu ardhi ilikuwa ya mama. Mambo yakajirudia baadaye. Earl wa 11 alikufa mwaka 1670 akaacha binti tu. Kitukuu chake, Elizabeth Seymour, aliolewa mwaka 1740 na Sir Hugh Smithson, na mwaka 1750 Smithson huyo akabadilisha jina kwa sheria ya Bunge akawa Hugh Percy. Mwaka 1766 akafanywa Duke wa Northumberland. Maduke wote wa Northumberland waliofuata hadi leo ni uzao wake.

Mwana wake mkubwa, naye Hugh, ndiye aliyeongoza kikosi kilichokwenda kuwaokoa askari wa Kiingereza waliokuwa wakirudi kutoka Concord, Marekani, tarehe 19 Aprili 1775, siku vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza. Mjukuu wa Smithson, Meja Henry Percy, ndiye aliyefikisha London habari ya ushindi wa Waterloo usiku wa tarehe 21 Juni 1815.

Mtoto mwingine wa Smithson alizaliwa nje ya ndoa, mjini Paris. Hakuruhusiwa kuitwa Percy. Akawa mwanasayansi, na utu uzima wake akachukua jina la zamani la baba yake, akajulikana kama James Smithson. Alikufa mwaka 1829 na mali yake ikaenda Marekani, nchi ambayo hakuwahi kukanyaga. Taasisi ya Smithsonian pale Washington, iliyoanzishwa mwaka 1846, ina jina lilelile ambalo Hugh alilivua mwaka 1750.