Magadi, majivu na ubishi wa chumvi mbili

Kila mwaka hunijia mwanafunzi anayesema chumvi za potasiamu huyeyuka kuliko za sodiamu, na mwingine anayeapa kuwa ni kinyume chake. Wote wawili huja na ushahidi.

Wa kwanza ameutoa jikoni. Magadi tunayolainishia maharage, yale ya Ziwa Magadi kule Kenya, ni sodiamu kaboneti pamoja na haidrojenikaboneti yake. Maji ya majivu yaliyochujwa hufanya kazi ileile, ila kaboneti yake nyingi ni ya potasiamu. Kwenye nyuzi 20, gramu 100 za maji huyeyusha gramu 21 hivi za sodiamu kaboneti. Za potasiamu, gramu 110. Ndiyo maana bonge la magadi hukaa kavu koponi, lakini chumvi ya majivu ukiisahau wazi wakati wa masika utaikuta imekuwa rojorojo.

Wa pili ametoka maabara. Nikishakamua tishu za viumbe kwa asidi ya perklorati, naua ukali wake kwa potasiamu haidroksidi, si ya sodiamu, tena makusudi. Potasiamu perklorati haifiki gramu 2 katika 100 za maji, na kwenye barafu haifiki hata 1, kwa hiyo hutuama kama unga mweupe nikaichuja. Ya sodiamu huyeyuka gramu 200 hivi. Ningebaki nayo majini.

Siri ni ukubwa. Ayoni (chembe yenye chaji) ya sodiamu ina nusu kipenyo cha pikomita 102, ya potasiamu 138. Kwa udogo wake, sodiamu hukumbatiwa na maji kwa nguvu zaidi, lakini pia humsogelea zaidi mwenzake, ayoni ya chaji hasi, ndani ya fuwele. Mwenza akiwa mdogo kama floridi, fuwele hushinda: sodiamu floridi huyeyuka gramu 4, ya potasiamu zaidi ya 90. Kaboneti, yenye chaji mbili, hufuata njia hiyo. Mwenza akiwa bonge kama perklorati, hata sodiamu haiwezi kumkaribia vya kutosha, na maji, yanayoikumbatia sodiamu kuliko potasiamu, huishindia sodiamu.

Kloridi iko katikati: gramu 36 za sodiamu kwa 34 za potasiamu, karibu sare. Ila chemsha maji uone: ya sodiamu hupanda hadi 39 tu, ya potasiamu hufika 56. Baadhi ya wachimbaji wa potashi, yaani chumvi za potasiamu, huyeyusha mchanganyiko wa kloridi hizo mbili katika maji moto, kisha wakaupoza. Potasiamu kloridi hujitenga yenyewe.