Uyoga mweupe na wa kahawia ni spishi ileile

Wengi huamini kwamba uyoga mdogo mweupe, wa kahawia, na ule mkubwa wenye kofia pana ni spishi tatu. Sivyo. Wote ni Agaricus bisporus. Ule mkubwa ni wa kahawia ulioachwa ukakomaa hadi kofia ikafunguka. Weupe nao hautokani na dawa: ulizuka wenyewe, kwa badiliko la jeni, shambani Pennsylvania, Marekani, katika miaka ya 1920. Wakulima wakaupenda, wakauendeleza.

Kazi ngumu ilikuwa kuuboresha zaidi. Spora zake nyingi (chembe ndogo za uzazi, mithili ya mbegu) hubeba viini viwili vya jeni vinavyopatana tayari, hivyo humea na kuzaa uyoga bila kuhitaji mwenzi. Mtaalamu anayetaka kuchanganya aina mbili hulazimika kutafuta zile chache zenye kiini kimoja, azioteshe kila moja peke yake, kisha akutanishe nyuzi zinazoota kutoka kwa wazazi wawili. Ni kazi ya subira kubwa, na inastahili heshima kuliko inavyopewa. Kwa njia hiyo Gerda Fritsche, mtaalamu wa kuzalisha aina mpya za uyoga huko Uholanzi, alichanganya aina nyeupe kabisa na ile ya rangi ya krimu, akapata chotara aliyeitwa Horst U1. Aina nyingi nyeupe zinazouzwa leo zimetokana nayo au zinafanana nayo mno.