Waya wa intaneti kwenye televisheni: yanayosemwa barazani na yalivyo

Simu nyingi hunijia saa mbili usiku. Mpira umeanza, kiduara kinazunguka kwenye kioo, na mwenye nyumba keshajipa dawa mwenyewe: "Fundi, njoo unitilie waya." Naja, na mara nyingi waya ndiyo dawa kweli. Lakini kabla sijafungua boksi inabidi kwanza tuyatoe maneno fulani yaliyokwisha kukaa vichwani.

"Waya utaniongezea spidi."

Hauongezi hata chembe juu ya ulichonunua. Kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde kitabaki 20, hata uvute waya wa dhahabu. Kazi ya waya ni kuzifikisha zile 20 salama kutoka kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, mpaka kwenye televisheni. Netflix wanashauri megabiti 5 kwa picha ya 1080 na 15 kwa 4K, kwa hiyo 20 inatosha filamu moja ya 4K ikiwa watoto chumbani wametulia.

Kabla hujanipigia, simama na simu yako karibu na ruta upime spidi, kisha upime tena mbele ya televisheni. Kote kukiwa 4, mgomvi wako ni anayekuuzia intaneti, na mimi nitakula pesa yako bure. Karibu na ruta 20 na sebuleni 3? Hapo waya una kazi.

"Kwa shemeji Fuoni waifai inafika mpaka uani, kwangu kwa nini isifike?"

Kwa shemeji ni ukuta wa tofali. Wewe uko Mji Mkongwe, ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita na zaidi, tena unaoshika unyevu. Mawimbi ya gigahezi 5, ndiyo yenye kasi, hufa mwanzo. Ya 2.4 yanapenya zaidi kidogo, lakini mtaa mzima umejazana humo humo. Majumba ya Michenzani nayo yana zege lake, hadithi ni ile ile.

Bi mkubwa mmoja wa Kiponda, humo humo Mji Mkongwe, alikuwa na ruta ukumbini chini na televisheni ghorofa ya pili. Alishanunua ripita mbili. Ripita hupokea mawimbi ya ruta na kuyarusha upya, lakini ikipokea yaliyokwisha chakaa, kasi itakayorusha ni ile ile ndogo. Nilipotoa drili akasimama mbele ya ukuta: "Mwanangu, usinitoboe nyumba yangu." Alikuwa na haki. Plasta ya chokaa ukiitikisa inamwagika kama unga, na ukiziba kwa saruji unyevu unakosa pa kutokea, ukuta unaoza pembeni ya kiraka. Tena Mji Mkongwe uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, na ile Mamlaka ya Mji Mkongwe ina neno lake juu ya unachobadilisha, usidhani ni mali yako peke yako.

Kilichotuokoa ni waya mkongwe wa antena. Nyumba nyingi za mjini zinao, maana Unguja ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara wakangoja hadi 1994 (tuacheni tujidai kidogo). Waya ule ulishuka kutoka juu ya paa, ukapita kando ya boriti, ukatokea ukumbini. Bi mkubwa akasema basi tuutumie huo huo. Haiwezekani kuuchomeka tu: ule una kiini kimoja, wetu una nyuzi 8 zilizosokotwa jozi 4. Vipo vifaa vya kupitisha intaneti kwenye waya wa antena, ila unahitaji kila upande kimoja, na pesa yake inaishinda ya waya mpya. Tulichofanya ni kufunga waya mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, tukauzungushia utepe mwembamba usikwame, mjukuu akavuta juu, mimi nikalisha chini. Robo saa, na hatukutoboa hata tundu moja.

"Waya ni waya, lete wa bei poa."

Hapa ndipo watu wanapoibiwa. Maboksi ya mita 305 yanafanana, yote yameandikwa Cat6 (daraja la waya), lakini mengine ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Linyanyue: la alumini ni jepesi waziwazi. Kisha menya uzi mmoja ukwangue kwa wembe. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, rudisha. Alumini haipitishi umeme vizuri kama shaba, ukiikunja mara mbili tatu inakatika ndani ya ganda bila kuonekana, na kwa hewa yetu hii ya chumvi huharibika mapema penye viungo.

Ukishapata shaba tupu, Cat5e inakutosha. Inabeba gigabiti 1 mpaka mita 100, na hakuna nyumba Unguja inayofika huko. Cat8 waachie wenye vyumba vya seva.

"Rangi hazina neno, mradi pande zote mbili zifanane."

Hili nililiamini mwenyewe nilipokuwa naanza. Nikazipanga nyuzi kwenye plagi nzuri kwa macho: machungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, buluu, kahawia. Testa, kile kipimio cha waya, ikawaka taa zote nane, nikalipwa, nikaenda zangu. Usiku nikaitwa: picha inaganda. Sababu ni kwamba tundu la 3 la plagi halishirikiani na la 4, linashirikiana na la 6. Mpango wangu ulichukua uzi mmoja wa kijani na mmoja wa buluu ukavifanya jozi, na nyuzi zisizosokotwa pamoja haziwezi kufuta kelele za umeme zinazovuruga data. Testa ya taa inajua uzi umefika tu, haijui umefika na nani.

Mpango ni huu, kutoka kushoto, kiklipu cha plagi kikiwa chini: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Na usifumue msokoto zaidi ya sentimita moja hivi.

"Umenitapeli: waifai ilinipa 200, waya unanipa 94!"

Waya hauna kosa. Televisheni nyingi, hata za bei kubwa, zimewekewa tundu la megabiti 100, na ukitoa mzigo wa njiani, yale maelezo yanayosafiri pamoja na data, unabaki na kama 94. Kwa kioo kinachohitaji 15 hiyo ni ziada tele, na haitetereki jirani akiwasha maikrowevu.

"Upite humo humo kwenye paipu la umeme."

Hapana. Ganda likichubuka, volti 230 zitaingia kwenye televisheni yako, na mkononi mwako. Paipu lake peke yake.

"Tumvutie na jirani, ni kichochoro tu."

Shaba ikitoka nje kwenda nyumba ya pili inakaribisha radi, na masika yetu mnayajua. Asubuhi unakuta ruta imekufa, tundu la televisheni limekufa, na kwa jirani vile vile. Kuvuka kichochoro tumia faiba, nyuzi za kioo zisizo na chuma ndani. Na jirani achangie kifurushi.