Je, wajua kwa nini chipsi na soda huanza na ini kabla ya kuonekana tumboni?

Nairobi ukitaja ugonjwa wa sukari, macho ya watu humtafuta mwenye kitambi. Yule ambaye suruali ya chuo bado inamtosha hujiona hayumo, na pale kibandani huagiza chipsi ya mia na soda baridi bila wasiwasi wowote. Kisha inafika siku ya upimaji wa bure kazini. Anadungwa kidole asubuhi kabla hajaonja hata chai, na mashine inasoma 8, sukari iliyo juu. Tangu jana saa mbili usiku hajatia kitu kinywani. Sasa sukari hiyo imetoka wapi?

Imetoka kwenye ini lake mwenyewe.

Ini ndilo linalotulisha tukiwa tumelala. Huweka akiba ya sukari ya gramu 100 hivi, katika umbo liitwalo glaikojeni, na usiku huitoa kidogokidogo ili ubongo usikose chakula. Akiba ikipungua, hutengeneza sukari mpya. Anayeliambia ini "basi, inatosha" ni insulini, homoni itokayo kwenye kongosho, na kwa mtu mwenye afya insulini kidogo tu hulituliza. Ini lililojaa mafuta halitulii. Linaendelea kumwaga sukari usiku kucha hata kama damu tayari inayo ya kutosha. Ndiyo maana kipimo cha asubuhi, kabla ya kula, hufichua hali ya ini kuliko kile cha baada ya mlo ambacho watu hukiogopa zaidi. Kikifika milimoli 7.0 kwa lita au kupita, na kipimo cha pili kikathibitisha, daktari atakiita kisukari.

Hapa nazungumzia kisukari cha aina ya pili. Kile cha aina ya kwanza, ambacho huwapata zaidi watoto na vijana, hutokana na kinga ya mwili kushambulia kongosho, na hakina uhusiano na chipsi za mtu yeyote.

Mafuta hufikaje kwenye ini, basi? Tuanze na soda. Sukari tunayotia kwenye chai, ambayo ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye chupa, ni glukosi na fruktosi zilizoshikana nusu kwa nusu. Glukosi hugawanywa mwili mzima: misuli, ubongo, moyo, kila mmoja huchukua chake. Fruktosi nyingi huishia kwenye ini. Ikija polepole, kama kwenye chungwa zima ambalo ni lazima ulimenye na kulitafuna pamoja na nyuzinyuzi zake, ini huimudu vizuri. Lakini soda ya kola ya nusu lita ina sukari ya gramu 53 hivi, yaani vijiko 13 vya chai, na mtu mwenye kiu huimaliza kabla matatu haijatoka stejini. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingekuwa bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa hiyo moja imepita kiwango hicho mara mbili, na chai ya saa kumi bado haijanywewa. Ini likielemewa na fruktosi huigeuza kuwa mafuta. Naam, kinywaji kisicho na hata tone la mafuta hunenepesha ini.

Sasa chipsi. Kiazi chenyewe hakina kosa. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha zina kalori chini ya 90. Kikatwe, kizamishwe kwenye karai la mafuta moto, maji yake yatoke na mafuta yaingie, na gramu 100 za chipsi zina kalori 300 hivi na mafuta ya gramu 15. Wanga wa kiazi hugeuka glukosi upesi, kwa hiyo insulini hupanda. Na insulini ina amri mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: sukari iondoke kwenye damu. Ya pili haisemwi sana: uchomaji wa mafuta usimame kwanza. Mafuta yaliyoingia pamoja na chipsi, yakisindikizwa na vijiko vile 13, yamefika wakati ambao mwili hauna haja nayo kabisa. Yanawekwa akiba. Siku moja si kitu. Ila kwa wengi mjini, hicho ndicho chakula cha mchana cha Jumatatu hadi Ijumaa, kikitanguliwa na chai na mandazi, na kufuatwa na chapati saa tatu usiku baada ya jam ya Thika Road.

Akiba ya kawaida ni chini ya ngozi: mapaja, makalio, mikono. Hapo mafuta hayana fujo. Tatizo huanza ghala hilo linapojaa, maana mafuta hutafuta pengine: kuzunguka matumbo, ndani ya ini, ndani ya misuli, hata kwenye kongosho. Ini likiwa na mafuta zaidi ya asilimia 5 huhesabiwa kuwa na ugonjwa, na duniani zaidi ya robo ya watu wazima wamefikia hapo, wengi wao bila maumivu yoyote.

Ndani ya misuli mambo huenda hivi. Chukulia insulini ni makanga pale steji ya Odeon, glukosi ni abiria, na seli ya msuli ni matatu. Gari likiwa tupu, makanga mmoja anaita mara moja na watu wanaingia. Lakini gari hili lina magunia mpaka mlangoni, nayo magunia ni yale mafuta. Makanga apaze sauti vipi, wanaingia wawili watatu. Kongosho, ambaye ndiye mwenye gari, anatuma makanga wa pili, wa tatu, wa nne. Abiria wanasukumwa mpaka wanaenea, na mpita njia akitazama steji anaona iko safi. Huu ndio usugu wa insulini, na hatari yake ni hiyo ya kuonekana shwari: sukari inapimwa sawa kwa miaka huku insulini iko juu kupindukia. Seli za kongosho zikichoka, steji hufurika. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulikadiria kuwa siku mtu anapoambiwa ana kisukari, kongosho lake tayari limepoteza kama nusu ya uwezo wake.

Mara nyingi sukari haiji peke yake. Mwaka 1988 daktari Gerald Reaven wa Marekani alieleza jinsi usugu huu unavyoambatana na presha, mafuta ya trigliseridi kupanda kwenye damu, na kolestroli nzuri kushuka. Ini lenye mafuta husafirisha ziada yake kwenye damu, na mishipa ya moyo ndiyo hulipa.

Kati ya mafuta na sukari, mbaya zaidi ni ipi? Watafiti wa Finland walijaribu, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Waliwalisha watu wanene kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki tatu: kundi moja mafuta yaliyoshiba, yaani kama ya siagi na nazi, kundi lingine mafuta ya aina ya zeituni na njugu, kundi la tatu sukari. Mafuta kwenye ini yaliongezeka kwa asilimia 55 katika kundi la kwanza, 15 katika la pili, na 33 katika la sukari. Kwa hiyo aina ya mafuta ina maana. Mafuta mengi ya kupikia Kenya ni ya mawese, na karibu nusu yake ni ya aina iliyoshiba. Ukitaka ushahidi usiohitaji maabara, tazama mtungi wako asubuhi ya baridi ya Julai uone jinsi yanavyofanya ukungu na kuganda chini. Sisemi mawese ni sumu. Nasema karai linalojazwa mafuta hayo na kuchemshwa tangu asubuhi mpaka usiku halistahili kutulisha kila siku.

Na yule mwembamba? Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, ana hoja inayomhusu: kila mtu ana kikomo chake cha kuhifadhi mafuta chini ya ngozi. Mmoja anabeba kilo nyingi na damu yake ni safi. Mwingine ghala lake ni dogo, kilo tano tu zikizidi, mafuta yanaelekea ndani, na kwa nje huoni kitu ila mkanda umesogea tundu moja. Huyu wa pili ndiye anayesifiwa mtaani kuwa "hanenepi hata ale nini". Mazoea yetu ya kukiona kitambi kidogo kuwa dalili ya pesa hayasaidii, maana kitambi hicho kidogo mbele ya mtu mwembamba ndicho hasa chenye habari. Mstari unaotumika kwa watu wa Kusini mwa Sahara ni kiuno cha sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na futi ya fundi cherehani inatosha kukipima.

Mtu anaweza kudhani haya ni mambo ya mitaa ya wenye nacho, Kilimani na Westlands. Uchunguzi uliofanywa katika mtaa wa mabanda wa Kibera na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kisukari kwa karibu watu wazima 5 katika kila 100. Vyakula vya bei ya chini mjini ndivyo vilivyojaa wanga, mafuta na sukari. Mandazi na chai ya rangi hushibisha kwa pesa ambazo hazinunui parachichi na mayai. Hata kabla ya hapo, utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini magharibi mwa Kenya, ukawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Waliohamia presha yao ilikuwa juu zaidi tangu miezi ya mwanzo, chumvi ilikuwa imezidi mwilini, na uzito pia. Mji ulikuwa umeshaingia kwenye damu.

Wala si suala la ulafi tu. Mwaka 2018 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa watu nafasi ya kutaja bei ya vitafunio kama kwenye mnada. Vile vyenye mafuta na wanga kwa pamoja walikubali kuvilipia zaidi kuliko vyenye kimoja tu, hata kalori zikiwa sawa, na ubongo wao ulionyesha msisimko mkubwa zaidi. Porini mchanganyiko huo ni nadra. Asali haina mafuta, na nyama haina sukari. Kwenye chipsi, keki na mandazi upo tele.

Habari njema ni kwamba ini husafishika, na upesi. Taylor na wenzake mwaka 2011 waliwapa wagonjwa 11 wa kisukari chakula cha kalori 600 tu kwa siku. Ndani ya siku saba mafuta ya ini yalipungua kwa asilimia 30 hivi na sukari ya asubuhi ikarudi kawaida. Katika jaribio kubwa zaidi la Uingereza lililochapishwa Desemba 2017, asilimia 46 ya waliofuata mpango wa kupunguza uzito waliishi bila kisukari wala dawa zake mwaka mmoja baadaye, na kwa waliopunguza kilo 15 au zaidi ilikuwa asilimia 86. Wote walikuwa na ugonjwa kwa chini ya miaka sita. Anayetumia dawa asijaribu hili bila daktari, kwa sababu sukari inaweza kushuka mpaka azimie.

Kwa ambaye hajafika huko, kazi ni nyepesi zaidi. Msuli unaojongea huvuta glukosi bila hata kungoja insulini, ndiyo maana kutembea dakika 15 baada ya mlo hushusha sukari kuliko kurudi kuketi. Soda ndiyo ya kwanza kuondoa, na maji yachukue nafasi yake; hapo fruktosi nyingi imeondoka bila sahani kuguswa. Githeri yenye maharagwe mengi, na managu au sukuma iliyokaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta badala ya vinne, huachia sukari yake polepole na kushibisha hadi jioni. Chipsi zinaweza kubaki za Ijumaa.