Mtoto "kubemendwa" ni utapiamlo

Jamani hili la "mtoto kabemendwa" tuliongee taratibu. Tangu zamani tunaambiwa mtoto akikonda au akivimba miguu basi wazazi wamelala pamoja mapema au baba katoka nje ya ndoa, mama anaona aibu anamficha mtoto ndani, na hapo ndo panaponiuma. Ule ni utapiamlo. Mhudumu wa afya wa mtaani akija anamvalisha mtoto wa miezi 6 hadi 59 ule utepe wa rangi mkononi, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, halafu anabonyeza miguu yote miwili kwa dole gumba, kishimo kikibaki anampa rufaa siku hiyohiyo. Kweli mimba ya harakaharaka inaweza kumkatisha mtoto ziwa, ila kinachomdhoofisha ni kukosa chakula na kuharahara. Mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ukilala au ukishuka, usisubiri, mpeleke kliniki.